Vidole Viwili Chini ya Goti

Nyinyi mnaoshona kwa mjukuu wangu Raya, pale dukani kwake Mabela, kila mkiniuliza nilikuwa nafanya kazi gani, nikikujibuni mnacheka. Juzi Prossy, yule msichana wa Kiganda anayekata abaya kwenye meza ya dirishani, aliinua macho akaniuliza, "Mzee, kwa hiyo miaka yote hiyo ulikuwa unashonea wanaume sketi? Sketi kabisa?"

Nkamwambia, sketi kabisa, tena za marinda. Akaweka mkasi chini ndipo akacheka. Kwa hilo nlimsifu, maana wengi hucheka na mkasi mkononi, halafu kitambaa ndicho kinachopata hasara.

Raya akanambia, "Babu, andika. Ukisimulia kwa mdomo unarukaruka." Basi nnaandika, na nna hakika ntarukaruka vilevile. Atakayechoka arudi kwenye cherehani yake.

Kwanza mjue nilikuwa fundi wa mavazi ya bendi hapa Maskati, bendi ya wapiga zumari. Zumari zenyewe ni zile zenye mfuko wa ngozi unaobanwa kwapani, ambazo watu wa pwani hii wanaziita jirba na wanazijua tangu zamani. Lakini bendi yetu ilifundishwa na Waskoti, na Waskoti walipoleta zumari zao walileta na nguo zao. Nguo hiyo inaitwa kilti. Ni kitambaa kizito cha sufu chenye miraba ya rangi, yadi nane kwa mtu mmoja, kinazungushwa kiunoni, mbele kiko bapa, nyuma kimejaa marinda, na pembeni kinafungwa kwa mikanda midogo ya ngozi yenye bizimu. Juu yake koti, chini yake soksi ndefu mpaka karibu na goti. Katikati ya soksi na kilti ndipo lilipo goti, na hadithi yangu yote iko hapo hapo kwenye goti.

Sufu yadi nane katika joto la Maskati. Msinambie abaya zenu ni nzito.

Aliyenifundisha ni Mastaa Yakub, fundi wa Karachi aliyekuwa mkuu wa karakhana yetu nlipoingia kazini. Mtu mfupi, mkavu, mwenye kastabani ya shaba kidoleni ya kusukumia sindano, ambayo hakuivua hata wakati wa kula. Tulisemezana kwa Kiarabu cha kuungaunga, yeye chake kibovu na changu, wakati ule, kibovu kuliko chake, kwani nilikuwa sina muda mrefu tangu nitoke Unguja na nyumbani tukizungumza Kiswahili tu. Maneno yake nnayaandika hapa kwa Kiswahili. Hakuna atakayenishitaki.

Siku ya kwanza alinionyesha kilti iliyokwisha akanambia, "Itafute pindo."

Nikaigeuza. Chini hamna pindo. Nikadhani amesahau, nikamwambia ntaikunja niishone.

"Ukiikunja umeiua," akasema. "Chini ni ukingo wa kitambaa chenyewe, kama kilivyotoka kiwandani. Ukikunja, marinda hayaanguki vizuri, yanabweteka. Sasa nambie, mtu akitaka iwe ndefu zaidi, utaiongeza wapi?"

Nikanyamaza.

"Vizuri," akasema. "Nyamaza hivyo hivyo kila kabla ya kukata."

Hilo ndilo la mwanzo nnalotaka mlishike. Katika abaya mnaacha vidole vinne vya pindo, mteja akirudi amenenepa au amebadili viatu, mnashusha. Mimi nilifanya kazi ya nguo isiyoshushika. Urefu unaamuliwa kabla mkasi haujagusa kitu, na unaamuliwa kwa kumwuliza anayevaa.

Hilo la kumwuliza ndilo lililonishangaza kwa Mastaa. Nilidhani bendi ni bendi, kuna kipimo cha serikali na basi. Kumbe karatasi ya maelekezo ilisema tu "gotini," na goti la mtu si sehemu ndogo. Lina juu, lina katikati, lina chini. Mastaa alikuwa akimpigisha mtu magoti sakafuni, mgongo umenyooka, kama anayetaka kusujudu lakini bado, halafu anateremsha utepe kutoka chini ya mbavu ya mwisho mpaka karibu na sakafu. Nguo ikigusa sakafu kidogo tu, itafika katikati ya goti akisimama. Hapo ndipo anamwuliza, "Wewe unapenda ifike wapi?" Na jibu analiandika kwenye daftari, kila mtu na mstari wake.

Majibu yalikuwa ya kila namna. Wengi walitaka chini ya goti, kwa sababu mwanamme sitara yake ni kutoka kitovuni mpaka gotini, na hawakutaka kubishana na Mola wao juu ya kidole kimoja cha sufu. Wengine walisema katikati inatosha kwa kuwa soksi ni ndefu. Mmoja alitaka iwe ndefu kwa sababu ana kovu gotini la mpira wa miguu, na aliniapisha nisimwambie mtu. Kuna aliyetaka juu ya goti kwa ajili ya joto, akasema ukipiga hatua upepo uingie. Na kuna mzee mmoja mpiga ngoma ambaye kila mwaka alikuja akasema kilti yake imepanda mbele. Haikupanda. Tumbo ndilo lililokuwa likitoka, na linapotoka linainyanyua nguo mbele. Watu wa namna hiyo waongezeeni kidole kimoja mbele, na msiwaambie kwa nini.

Sasa nije kwenye kosa langu la mwanzo, kubwa.

Mastaa alikwenda kwao likizo ya miezi miwili. Bendi ilikuwa inajiandaa kwa sherehe uwanjani, mbele ya watu wengi, na wapigaji kumi na wawili walitakiwa wavae kilti mpya. Sufu ilikuwa imefika kutoka ng'ambo, vipande kumi na viwili kamili, hakuna cha kumi na tatu. Mastaa alikuwa ameniachia kazi, kwa mara ya kwanza peke yangu. Nilipima wote kwa siku mbili, nikakata, nikapanga marinda, nikapiga bandi, nikapiga pasi, nikashona kwa mkono. Wiki tano. Nikajiona fundi.

Siku ya kujaribu walikuja wote. Wa mwanzo kuvaa alikuwa Ghalib wa Qantab. Ghalib alikuwa mfupi, mpana wa kifua, na kila aliyejua zumari alisema hapakuwa na mpulizaji kama yeye katika bendi nzima. Akianza kupuliza sauti haitetemeki, inasimama kama imewekwa juu ya meza. Akavaa, akafunga bizimu, akajitazama. Halafu akaniita pembeni, kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili ili wengine wasielewe, maana na yeye watu wake walitoka Unguja.

"Fundi, hii umenipimia mimi au mdogo wangu?"

Kilti ilikuwa juu ya goti lake vidole vitatu. Nikamwita wa pili, vilevile. Wa tatu, vilevile. Zote kumi na mbili zilikuwa fupi kwa vidole vitatu, sawasawa kabisa, kazi nzuri sana ya kukosea.

Ilinichukua usiku kucha wa kugeuka kitandani kuelewa nilichofanya. Sisi tunafunga kikoi chini ya kitovu. Tangu utoto mkono wangu ukisikia "kiuno" unakwenda pale. Kilti inafungwa juu, karibu na mbavu. Mastaa alianzia kupima juu, na nlimwona akifanya hivyo mara mia, lakini siku nlipokuwa peke yangu mkono ulikwenda ulikozoea. Nikapima kutoka pahala pa kikoi, nikakata kilti. Zikivaliwa pahala pake, juu mbavuni, zinapanda.

Chini hakuna pindo la kushusha, na sufu nyingine ingechukua miezi kufika. Sherehe ilikuwa baada ya siku kumi na moja. Sikuwa na wa kumwuliza. Nilikaa karakhanani na kilti moja mapajani, nikaigeuza kama nlivyoigeuza siku ya kwanza, nikitafuta kitu ambacho nnajua hakipo. Halafu nikaitazama juu badala ya chini. Juu, pale kwenye mbavu, koti linafunika shibiri nzima. Hakuna anayeona. Nikasema, hapa naweza kuongeza chochote, hata gunia.

Sikuweka gunia. Niliweka drili ya kaki, kile kitambaa imara cha pamba, upana wa shibiri. Nilifumua mikanda na bitana ya kiunoni, nikaunga drili juu ya sufu, nikarudisha mikanda juu yake. Sasa drili ndiyo inakaa mbavuni, chini ya koti, na sufu imeshuka. Na kwa kuwa kila kilti ilikuwa inafumuliwa, nliwaita tena mmoja mmoja, nkampigisha kila mtu magoti, nkamwuliza anataka ifike wapi, nkaikata drili kwa jibu lake. Ghalib akasema, "Vidole viwili chini ya goti." Nikampa vidole viwili chini ya goti. Zilikwisha asubuhi ya siku ya mwisho, na pasi ya mwisho nliipiga na basi la bendi linapiga honi nje.

Mastaa aliporudi nlimweleza yote mwenyewe kabla hajasikia kwa mtu. Alichukua kilti moja, akaifungua, akatazama drili yangu kwa muda. Akauliza, "Zote kumi na mbili?"

"Zote, Mastaa."

"Kwa kosa moja?"

"Kwa kosa moja."

Akaikunja akairudisha kabatini. "Kosa moja mara kumi na mbili ni afadhali kuliko makosa kumi na mawili," akasema. Kisha akaomba chai. Tangu siku ile karakhana yetu ikawa inaweka drili juu kwa kila kilti, makusudi, ili pawe na pa kupunguzia na pa kuongezea. Hakuwahi kusema kuwa ni fikra yangu. Wala mimi sikusema kuwa ni kosa langu.

Hapa ndipo ingependeza niishie, kama ningekuwa nataka mnisifu.

Mastaa alistaafu akaenda zake Karachi, na mimi nikawa mkuu wa karakhana. Bendi nayo ikapata kiongozi mpya, Khalfan. Mtu mwenye adabu, mkali kwa kazi, na jicho lake lilipenda vitu vinyooke. Siku moja alinipeleka kwenye uwanja wa mazoezi, bendi imesimama mstari mmoja, akanambia nirudi nyuma nitazame.

"Unaona nini, fundi?"

Nikamwambia naona bendi.

"Tazama chini ya kilti."

Nikatazama. Ukingo wa nguo ulikuwa unapanda na kushuka kutoka mtu hadi mtu, huyu katikati ya goti, huyu chini, huyu juu.

"Kama meno ya mzee," akasema Khalfan. "Nataka mstari mmoja. Nikiweka kamba kutoka mwanzo mpaka mwisho, iguse nguo zote."

Nami nitakuambieni ukweli, lilinifurahisha. Miaka yote nilikuwa nauliza watu wanapenda nini, na kila mtu na lake, na daftari limejaa. Sasa mtu amenipa tatizo la ufundi. Nilikata kijiti cha mbao, nkakisimamisha juu ya kibao, nkakitia alama. Badala ya kupima kutoka mbavuni kushuka chini, nikapima kutoka ardhini kupanda juu. Mtu anasimama amevaa viatu vyake, kijiti kinazungushwa, chaki inapita, tofauti inasawazishwa juu kwenye drili, na urefu kutoka ardhini ni ule ule kwa kila mtu. Hakuna magoti, hakuna maswali. Watu kumi na wawili kwa asubuhi moja. Khalfan alikuja na kamba kweli, akaivuta, ikagusa zote. Akanipa mkono mbele ya wote.

Na njia ile ni nzuri, msije mkaiacha. Abaya na magauni yote ya harusi mnayoshona, pimeni kutoka ardhini, na mteja avae viatu atakavyovaa siku yenyewe. Raya anacho kijiti changu, mwombeni.

Ila hesabu yake ni hii. Goti la mtu mrefu liko juu, la mfupi liko chini. Ukiwa na mstari mmoja kutoka ardhini, ulipo chini ya goti la mrefu huenda ni juu ya goti la mfupi. Someni tena polepole, inachanganya. Mstari ukiwa chini, wote wamesitirika. Khalfan hakuutaka chini, alisema bendi itaonekana imevaa mashuka. Aliutaka katikati, kwa mtu wa kimo cha wastani. Basi warefu wakafunikwa zaidi, na hao hawakujali sana, au hawakusema. Wafupi wakaonekana magoti yao.

Na Ghalib, kama nlivyosema, alikuwa mfupi. Tena alikuwa mfupi wa miguu hasa. Kiwiliwili chake kilikuwa kirefu kama cha mtu mwengine yeyote, miguu ndiyo iliyokuwa mifupi. Wako watu wa namna hiyo, na fundi asiyewajua hataweza kushona. Mstari wa Khalfan ulimpita Ghalib juu ya goti.

Alisimama mbele yangu, mimi nimeinama na kijiti. Akasema, "Fundi, nishushie vidole viwili."

"Chini ya mstari?"

"Kama ulivyonifanyia zamani."

Nikamwambia haiwezekani, mstari ni mmoja kwa wote, nikimshushia yeye ntamshushia na mwengine. Nilisema hivyo kwa upole, nnakumbuka, na chaki inaendelea. Drili ilikuwa ipo pale pale juu, nusu saa ya kazi. Nilikuwa na watu wanne wanaongoja nyuma yake.

Akasema, "Sawa, fundi." Akatoka.

Alipiga katika sherehe moja tu na kilti ile. Baada ya hapo akaomba ahamishiwe stoo, kwenye kugawa viatu na soksi, na kwa kuwa alikuwa mtu mzima mwenye miaka mingi kazini wakamkubalia. Watu walisema mapafu yamechoka. Nami nikasema labda mapafu yamechoka. Bendi ikaendelea bila yeye, na kila mwenye masikio alijua kuna kitu kimepungua. Nilikutana naye mara nyingi kwenye korido ya stoo, tukasalimiana, tukaulizana watoto. Sikumwuliza jambo lile hata mara moja, kwa miaka mingi, mpaka mimi nikastaafu na yeye akastaafu.

Mwaka jana tulifiwa na jamaa, na kwenye hitima Ghalib akaja akakaa ubavuni mwangu. Amenenepa kidogo, ndevu zote nyeupe. Tulipomaliza akanambia, "Njoo Qantab siku ya Ijumaa, ule samaki. Umekuwa mtu wa Mabela tu, huoni bahari."

Nikaenda. Raya alinipeleka kwa gari, akakaa ndani na wanawake. Mimi na Ghalib tukakaa sebuleni kwenye mito. Ukutani alikuwa na picha kubwa ya bendi, imetiwa fremu, ya sherehe ile yake ya mwisho. Wapigaji wamesimama mstari, mashavu yamejaa pumzi. Niliikwepa kwa macho kahawa ya kwanza na ya pili. Kahawa ya tatu nkasema.

"Ghalib, uliondoka kwenye bendi kwa sababu ya kilti?"

Alitikisa kikombe kuonyesha ametosheka, akakiweka chini. "Niliondoka kwa sababu ya pumzi."

"Mapafu?"

"Mapafu yangu hayana neno mpaka leo. Sikiliza. Uliponikatalia, nilisema haidhuru, ntajishushia mwenyewe. Siku ya sherehe nkalegeza mikanda matundu mawili, kilti ikashuka mpaka ninapotaka. Nikafurahi. Tukaingia uwanjani. Sasa wewe umeshona nguo miaka yote, lakini hujapuliza. Kupuliza jirba unajaza tumbo, halafu unalitoa. Nikijaza, kilti inabana, iko sawa. Nikitoa, inashuka. Kidogo, lakini nnaisikia. Nikijaza tena haipandi, imebaki ilipofika. Nyimbo tano, fundi. Hata mkono mmoja hauwezi kutoka kwenye zumari. Nilikuwa nahesabu pumzi zangu kama mtu anayezama. Nikasema, nikimaliza hii salama sirudi tena."

"Ungeniambia."

"Nlikwambia. Nlikwambia nishushie vidole viwili."

"Ungenambia kwa nini."

"Mara ya kwanza hukuniuliza kwa nini. Uliniuliza wapi tu, na nlikujibu wapi."

Hakusema kwa hasira. Alikuwa anachagua tende kwenye sahani wakati anasema. Mimi nikasimama kwenda kuitazama picha, kwa sababu ilikuwa ndiyo kitu pekee chumbani cha kutazama.

Nikavaa miwani. Kilti ya Ghalib ilikuwa chini, kweli, chini ya goti, imelala upande mmoja. Nikaenda kwa wa pembeni yake. Na yake ilikuwa chini. Yule mwenye kovu lake, chini, chini sana. Wa tano alikuwa ameipeleka pale pale nlipomwekea zamani siku ya drili, kama aliyekuwa na daftari mkononi. Nilitembea na kidole juu ya kioo kutoka mwanzo wa mstari mpaka mwisho. Katika watu kumi na wawili, walioacha nguo pale nlipoipima walikuwa watatu. Ukingo ulikuwa unapanda na kushuka kama siku aliyonipeleka Khalfan uwanjani.

Na mimi siku ile nilikuwepo. Nilikaa safu ya mbele, nlialikwa, na nnakumbuka wazi nlivyotazama mstari ule ukipita nikajiambia umenyooka.

Nikakaa chini tena. Nkamwambia, "Ghalib, nilikosea. Nisamehe."

"Nimekusamehe zamani," akasema. "Ningekuwa sijakusamehe ningekuita kula samaki?" Halafu akanyoosha kidole kwenye picha. "Lakini wa tatu kutoka mwisho, Masoud, yule usimsamehe. Sisi tulioigusa tulishusha. Yeye aliipandisha, kwa ajili ya mama mmoja aliyekuwa amekaa jukwaani, na mwaka wa pili akamwoa."

Nikarudi kumtazama Masoud. Magoti yote mawili yako nje, na anapuliza kwa utulivu kabisa.